Fundo Langu Kwenye Kigingi Chao

Kitendawili, wajukuu zangu. Ana mguu mmoja, hana mdomo, lakini akisimama watu wanahama.

Msiharakishe kujibu. Jibu litakuja lenyewe, na likija mtatamani lisingekuja.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nimwokote njiani upesi. Mimi ni dobi, mtaa mzima unaniita Bi Povu. Nafua shuka za nyumba ya wageni na kuzianika kwenye uwanja ulio kati ya kibanda cha fundi viatu na nyumba ya mwanangu wa pekee. Mtaa wetu uko nyuma ya soko la zamani, na hapo mbele ndipo patakapojengwa stesheni ya treni ya mwendo kasi. Mikosi yangu mnaijua. Mume nilimzika, mkono niliuunguza kwa dawa ya kung'arishia, kisha siku moja asubuhi, saa tatu, likaja tingatinga. Niliwaacha likiwa limeinua pua juu ya paa la mwanangu, na mkwe wangu amelala ndani.

Basi, pua ile ilishuka.

Ukuta haukuanguka kama watu wanavyofikiri. Kwanza ulivimba, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Halafu ukapasuka.

"Simamisha! Kuna mtu ndani!"

Dereva alikuwa amevaa vizibo vya masikio. Ningemwita hata kwa tarumbeta asingesikia. Nikachota shuka mbichi kwenye beseni, nikaitupa kwenye kioo chake. Ikanata pale kama ngozi ya pili. Hapo ndipo aliposimama, maana alikuwa haoni mbele.

"We bibi, una wazimu?"

"Mkwe wangu amelala humo!"

"Amelala? Saa tatu hii?"

"Ni mwokaji mikate! Anaoka usiku ndipo ninyi mle asubuhi! Shuka, muuaji wewe!"

Akashuka. Uso umempauka kama unga.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, wanamwita Cheche, na jina limemkaa. Alitoka karakana ya pili kutoka kona akikimbia, nondo mkononi, miwani ya kuchomelea bado iko kichwani. Hakuuliza kitu. Aliingia kwenye vumbi lile kama mtu anayeingia kuoga.

Tuliisikia sauti ya mkewe kabla ya kumwona. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, kama mtu anayepima unga.

Linta, ile boriti ya juu ya mlango, ilikuwa imemwangukia. Cheche akaingiza nondo chini yake, akainua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba. Dereva akasaidia. Mimi nikavuta.

Mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, haukuwa mguu tena. Sitasema zaidi. Wengine mnasoma huku mnakunywa chai.

Nikachana shuka ya nyumba ya wageni, nikamfunga juu ya goti. Nikafunga fundo langu, fundo la dobi: mizunguko mitatu, kitanzi kimoja, mkia unaingia ndani. Halilegei hata ulipige teke, lakini ukivuta mkia mara moja linafunguka lote. Ndivyo ninavyofunga mizigo ya nguo tangu ujana wangu. Cheche alikuwa ananitazama mikono. Alikua akifungua mafundo hayo, mtoto yule, kabla hajajua kufunga viatu.

Gari la mikate lililokuwa likipita likamchukua mkewe hospitali, pamoja na jirani yetu nesi. Nafasi iliyobaki ilijaa trei za mikate, Cheche akakosa pa kukaa. Akabaki katikati ya barabara, damu ya mkewe imemfika viwikoni.

"Nani alisema nyumba yangu ivunjwe?" akauliza.

Dereva akaonyesha kwa kidole. "Kigingi hicho hapo, kaka. Sisi tunafuata vigingi. Hatua kumi kulia, hatua kumi kushoto, kilichomo kinaondoka. Mimi sijui ramani, nimetumwa."

Na kweli kigingi kilikuwa pale, karibu na ukuta, kimesimama na utepe wake mwekundu. Namba kumi na saba.

Jibu la kitendawili mmelipata sasa.

Ndipo alipofika yule binti mpangaji wa mji, tunayemwita Dada Ramani. Alikuwa anakimbia na viatu mkononi. Huyu binti nilikuwa nampenda, na nitasema kwa nini. Walipotuita ukumbini miezi sita nyuma, alituwekea mezani mji wa karatasi ngumu. Stesheni ilikuwa kama pasi iliyolazwa, na watu wa karatasi walikuwa wadogo kama punje za mchele. Akatuambia mtu akishuka kwenye treni atatembea kwa miguu dakika saba kufika sokoni, na pembezoni mwa njia hiyo kutakuwa na safu ya mafundi: cherehani, viatu, dobi, vyuma. Wenyeji wasifukuzwe. Nikamuuliza, "Na kamba ya kuanikia umeichora wapi, mwanangu?" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Alitoa penseli akaichora palepale.

Tena alipitisha njia ile kwenye uwanja wangu kwa makusudi. "Hapa hapana paa la mtu," alisema. "Ipite hapa, asiumie yeyote." Kingeondoka kibanda kimoja tu, cha fundi viatu, naye angepewa kipya kwenye safu.

Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, ramani mikononi.

"Hii nyumba haimo," alisema. "Haimo! Tazameni. Katikati ya njia ni kule kwenye uwanja. Hiki kigingi kimehamishwa. Hatua saba, nane hivi."

Mtaa ukanyamaza. Na mtaa ukinyamaza hivyo, mjue unachukua pumzi.

"Kimehamishwa na nani?" Cheche aliuliza.

Macho yalijibu. Yote yalikwenda kwa fundi viatu.

Fundi viatu ni mzee mwenzangu, rafiki wa marehemu mume wangu, kwa hiyo namwita shemeji. Kwa wengine ni Kisigino. Wapimaji walipokuja walimvisha kizibao cha njano kinachong'aa, wakamwambia, wewe unashinda hapa, utulindie vigingi. Tangu siku hiyo watu walimwita mtumishi wa treni, wakawa wanamwonea wivu na kumcheka kwa mdomo mmoja.

Hebu pimeni wenyewe. Kigingi kimesogea kwa mwanangu, nyumba imeanguka. Kimesogea mbali na kibanda cha Kisigino, kibanda kimepona. Na mlinzi wa vigingi ni nani? Kisigino. Hata jaji angeona hapo pamenyooka.

Lakini mimi nilijua pamepinda.

Nimefika pagumu, wajukuu zangu. Wiki tano nimewazungusha kama mtu anayezunguka nyumba akiogopa kubisha hodi. Leo nabisha.

Kigingi kile nilikihamisha mimi.

Ilikuwa siku nne kabla ya hapo. Nilikuwa nimeanika shuka kumi na mbili, nyeupe, nimezitia buluu mpaka zinawaka. Kikanyesha kimvua cha kipuuzi. Utepe wa kigingi, kitambaa rahisi cha rangi rahisi, ukaanza kuchuja, na upepo ukaupigapiga kwenye shuka zangu. Niliporudi nilidhani mtu kachinja mbuzi kwenye kamba. Kumi na mbili zote!

Nikakishika kile kigingi nikaking'oa. Nikatembea hatua nane, ikabaki tatu hivi kuufikia ukuta wa mwanangu, mahali pasipo na kamba, nikakipigilia kwa jiwe langu la kufulia. Nilikiweka pale kama mtu anavyoegemeza ufagio, usimkwaze mtu. Nilidhani kazi ya kigingi ni kuonyesha kwamba wapimaji walifika. Nani aliniambia kwamba kigingi kinasema katikati ni hapa, si pale?

Na hamjasikia aibu yenyewe. Dobi hawezi kuacha kitambaa kinachuja. Niliufungua ule utepe, nikauloweka kwenye chumvi na siki mpaka rangi ikashika, nikausuuza, nikauanika. Kisha nikaupiga pasi. Utepe wa serikali, nikaupiga pasi! Nikaurudisha kwenye kigingi na kuufunga vizuri. Mizunguko mitatu, kitanzi kimoja, mkia ndani.

Nikaona nimewafanyia hisani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo za mtaa huu anayezishika ni mimi.

Turudi barabarani.

Wa kwanza kumpiga Kisigino hakuwa mwanangu. Alikuwa muuza nyanya, mwanamke ninayemfulia kanga zake. Alimpiga kibao, kizibao cha njano kikapasuka begani. Baada ya kibao kimoja, hesabu ikapotea.

"Umeuza nyumba ya mwenzio uokoe kibanda!"

"Mtumishi wa treni!"

"Mwulizeni wamempa nini!"

"Sikukigusa!" Kisigino alisema. "Wallahi sikukigusa!"

"Basi sema nani!"

Akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

Wakamvuta kutoka kwenye kigoda chake, wakamburuta kwenye kokoto. Viatu vya watu alivyokuwa anavitengeneza vikatawanyika, kila kimoja bila mwenzake. Mtu mmoja akaokota nyundo, nyundo ya fundi mwenyewe, akamkanyaga kifundo cha mkono na kuushusha ule uzito kwenye vidole. Nilisikia mlio kama wa vijiti vya kuwashia moto. Kisigino alilia kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mwacheni, hakufanya yeye!"

"Bibi ana huruma sana," mtu alisema.

"Huruma gani? Mkwewe yuko hospitali, yeye anamtetea mchawi wake!" muuza nyanya akajibu. "Mwondoeni hapo asije akazimia."

Wakanishika mabega kwa upole, wakanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu akaniletea maji. Wananibembeleza mimi, wanamuua mwenzangu.

Mtauliza, mbona hukusema? Maneno ni matatu tu: nilikihamisha mimi, basi. Nitawajibu kweli, maana nimeshazeeka kuwadanganya. Sikuogopa kipigo. Niliogopa macho ya mwanangu. Nilisema moyoni, ngoja kwanza, watachoka, watamwacha, nitamwambia kwa utaratibu jioni.

Utaratibu! Watu hawajachoka kupiga mtu tangu dunia ianze.

Dada Ramani alikuwa anapiga simu polisi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aliking'oa kile kigingi.

"Msimguse tena! Hiki ni ushahidi!" alipaza sauti. "Nitakipeleka wakikague. Na huu utepe, mbona..."

Hakumaliza. Cheche alimnyang'anya.

Nilimwona mwanangu akikigeuza kigingi mkononi kama anavyogeuza chuma kutafuta ufa. Kidole gumba kikapita juu ya fundo. Kikasimama. Akashika mkia, akavuta mara moja tu.

Likafunguka lote.

Akaukunja utepe, akautia mfuko wa kulia wa suruali. Kigingi akakivunja gotini vipande viwili. Watu wakashangilia wakidhani ni hasira. Mimi ndimi niliyeona alichoficha.

Nikainuka kwenye ndoo. Nikamfuata.

"Umeona nini, baba?"

"Sijaona kitu, Mama." Alikuwa hanitazami. "Na wewe hujaona kitu. Nenda nyumbani."

"Nyumbani wapi? Nyumba yako imelala chini."

"Nenda kwako, basi."

"Cheche. Yule mzee hana hatia."

Ndipo aliponigeukia. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemfulia, lakini uso ule sikuwa nimewahi kuuona.

"Najua hana hatia," alininong'oneza. "Lakini watazame hawa. Leo lazima apatikane mtu. Asipokuwa yeye, atakuwa nani? Wewe si bingwa wa vitendawili? Nitegulie hicho."

Ananitegea nani? Mimi, Bi Povu, ninayeshinda mtaa mzima kwa midomo!

Nikampita, nikapenya katikati ya miguu ya watu mpaka kwa Kisigino. Alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefumba, mkono wake ameukumbatia kama mtoto mchanga. Nikapiga magoti nikampangusa damu kwa shuka niliyokuwa nayo begani.

Miaka ishirini, kila asubuhi, mimi kwenye beseni na yeye kwenye kigoda, tumetegana vitendawili kuvuka uwanja. Akishindwa ananipa mji, nikishindwa nampa mji. Tumepeana miji yote ya dunia, mingine mara mbili.

"Shemeji," nikamwambia sikioni. "Nisamehe. Ni mimi."

Akacheka. Meno ya mbele hayakuwepo.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuona unaking'oa. Nikataka kukuita. Halafu nikapima kwa macho, nikaona kibanda changu kimepona." Alitema damu. "Nikasema moyoni, mwache dada wa watu. Nikaendelea kushona. Sasa tumelingana, Bi Povu. Mmoja kaking'oa, mwingine kafumba macho."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba nilikuwa mlinzi na nikatazama tu?"

Mkono ulinishika ukosi ukaniinua. Alikuwa Cheche. Na wakati huohuo simu yake ikaita.

Alisikiliza kwa muda mfupi.

"Wanaukata," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. "Jirani anasema wanaukata mguu. Sasa hivi."

Simu ikamponyoka, akaiacha palepale chini. Akainama akaokota nondo.

Na kutoka kona ya karakana akatokea jamaa mmoja, simfahamu hata leo, anazungusha tairi mbele yake kama mtoto anayecheza. Mkono wa pili ana chupa ya plastiki, na harufu yake ilifika kabla yake. Petroli.

Dada Ramani akajitupa mbele. "Polisi wanakuja! Dakika kumi wako hapa!" Muuza nyanya akamsukuma, akaanguka juu ya ramani yake.

"Dakika kumi zinatosha," mtu alisema, na watu wakacheka. Walicheka, wajukuu zangu. Watu ninaojua soksi zao.

Cheche alisimama juu ya Kisigino, nondo imeinuliwa kwa mikono miwili. Mwanangu hakuwa muuaji. Alikuwa mtu anayejenga ukuta mbele ya mama yake, akitumia mwili wa mtu mwingine badala ya tofali.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilijaza mapafu, nikapaza sauti ileile ninayoipaza kila asubuhi kuvuka uwanja.

"Kitendawili!"

Mazoea ni kitu cha ajabu. Umati mzima, mawe mikononi, petroli inanuka, watu wakajibu bila kufikiri:

"Tega!"

Hata yule mwenye tairi. Hata Kisigino, pale chini, midomo yake ilicheza.

Nondo ikabaki hewani.

"Ana mguu mmoja," nikasema, "hana mdomo, lakini akisimama watu wanahama."

"Kigingi!" wakajibu wengi, kwa hasira. "Bibi, huu si wakati!"

"Mmepata hicho. Kuna cha pili." Nikainua sauti. "Alikishika asiyejua kazi yake. Akakisafisha, akakifunga, akarudi kwenye beseni lake anaimba. Nani?"



"Mama," Cheche alisema polepole. "Mama, nyamaza."

"Mmeshindwa? Nipeni mji."

"Chukua mji, bibi!" yule mwenye tairi alifoka. "Chukua mji wowote, tuachie kazi yetu!"

"Nimeupokea," nikasema. "Sasa sikilizeni jibu. Ni mimi. Kigingi nilikihamisha mimi, utepe wake ulichafua shuka zangu. Nyumba ya mwanangu nimeivunja mimi. Mguu wa mkwe wangu nimeukata mimi. Huyo mzee mnampiga bure."

Nilidhani mbingu itaanguka. Haikuanguka. Mtu mmoja tu alikohoa.

"Mama amechanganyikiwa," Cheche alisema kwa sauti ya juu. "Mnaona wenyewe. Ameona damu, umri umemzidi. Mama, twende."

"Sijachanganyikiwa. Niliufunga utepe kwa fundo langu. Wote hapa mmefungua fundo langu kwenye nguo zenu. Mnalijua."

"Fundo liko wapi?" muuza nyanya aliuliza, sauti imeanza kubadilika. "Kigingi kimevunjwa, mbona utepe hatuuoni?"

Sasa niambieni ninyi mnaosoma. Mngefanyaje? Nikinyamaza, Kisigino anachomwa. Nikijibu, namtaja mwanangu kwamba alijua, akaficha, akamwacha apigwe mtu aliyejua hana kosa. Mama gani anachagua hivyo?

Nilimtazama Kisigino. Kile kidole chake cha kushikia sindano kilikuwa kimegeukia upande ambao kidole hakigeukii.

"Mfuko wa kulia," nikasema. "Wa suruali ya mwanangu. Utazameni, umenyooka. Nimeupiga pasi."

"Kweli," Dada Ramani alisema kutoka chini, taratibu, kama mtu anayeamka. Alikuwa anajipangusa vumbi usoni. "Tepe zingine zote zimechuja zimekuwa kama nyuzi. Huo ulikuwa mpya. Ulikuwa na mkunjo wa pasi. Ndilo nililotaka kusema."

Watu wakaanza kusogea. Hawakusogea kwa Kisigino. Duara lililokuwa limemzunguka yeye lilifunguka upande mmoja, likatembea, likatuzunguka sisi. Wale wawili walionishika mabega kwa upole na kunipa maji, niliwaona wako mstari wa mbele. Mmoja alikuwa bado ana kikombe.

"Kumbe alijua!" mtu alisema nyuma.

"Ametufanya tuvunje mikono ya mzee wa watu, na alijua!"

"Mama na mtoto!"

"Toa utepe, Cheche."

Mwanangu aliingiza mkono mfukoni. Akautoa. Uliteleza kwenye vidole vyake ukaning'inia, mwekundu, mzuri, umenyooka kama siku ya sikukuu. Niliishikisha rangi ile vizuri, jamani. Haikuwa imechuja hata tone, licha ya jasho lote lile.

Jiwe la kwanza lilimpata yeye, juu ya nyusi.

Hakuyumba. Alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo wake ukanigusa kifua, nondo mbele, damu inamwingia jichoni. Tulisimama hivyo, kama siku nilipokuwa namfundisha kutembea, ila sasa yeye ndiye aliyekuwa mbele. Sikujua ile nondo itampiga nani wa kwanza. Sidhani kama yeye alijua.

Yule jamaa akaliachia tairi. Likabingirika lenyewe kwenye kokoto, likapita kando ya Kisigino, likayumba, likazunguka mara mbili, likalala miguuni pangu.

"Mji umeshapewa, Mama," mwanangu alisema bila kugeuka. "Hebu niambie, umebakiza kichochoro gani tupitie?"